Madirisha Matano

Mwenye hoteli alinipa wiki mbili za kufikiri, na mimi si mtu wa kufikiri wiki mbili. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Kitu kikiwekwa mezani nakifungua, nakichungulia, naamua. Lakini safari hii kitu chenyewe kilikuwa changu, na kilikuwa kimesimama kwenye kona ya duka kwa miaka ishirini na mitatu: mashine ya gemu, zile za zamani za kuchezwa kwa kusimama, kabati la mbao refu kunipita, kioo cha tyubu ndani yake, kifungo cha kuanzia na mpini mmoja ambao watoto waliokuwa wakija kucheza waliuita gia.

Njia zilikuwa tatu. Niiache kama ilivyo, na tyubu yake iendelee kufa kidogo kidogo. Niibadilishe, yaani ning'oe matumbo yote nitie skrini bapa na bodi ya kisasa yenye michezo mia nne. Au nimuuzie mwenye hoteli, aliyetaka kuisimamisha kwenye ukumbi wa wageni pamoja na simu za kuzungusha na mashine za taipu alizokwisha kukusanya. Yeye aliitaka na uzee wake wote. "Ukiigusa ndani, fundi," aliniambia, "kwangu inabaki kabati la kuwekea vyombo."

Mchezo wake ulikuwa mmoja tu. Jengo linaungua moto. Juu kuna madirisha matano yaliyopangana kutoka kushoto kwenda kulia, na wenye nyumba wanatupa mali zao nje: masanduku, magodoro, saa za ukutani, tundu la kasuku na kasuku wake ndani. Wewe uko chini na mkokoteni. Ukisukuma gia mara moja, mkokoteni unaruka dirisha moja, unalia tak. Unadaka vitu kabla havijapasuka chini. Vikikupita vitatu, mchezo umekwisha. Ukidaka vya kutosha, jengo linaongezwa ghorofa na vitu vinakuja kwa kasi zaidi. Nimeona vijana wenye misuli wakitoka jasho kwenye ghorofa ya nne.

Mke wangu alikuwa akifika ya saba.

Hapo ndipo pa kushangaza, maana kwa miaka ishirini alikuwa haitaki hata kuiona. Aliiita "lile jeneza lako lenye taa". Akipita kufagia alikuwa anaipiga na ufagio kwa makusudi, na nikimtazama anasema mkono umeteleza. Kisha miaka mitatu iliyopita, bila maelezo, akaanza kucheza. Kila alasiri wateja wakipungua, anafunga kanga yake vizuri kiunoni, anasimama pale, tak tak tak, mpaka unasikia jengo limeongezwa ghorofa tena. Mimi nikavimba kichwa. Nilijiona nimeshinda kesi ya miaka ishirini bila wakili. Nilikuwa natoka mezani kwangu na bisibisi mkononi, nasimama nyuma yake, natazama masanduku yanavyodakwa, narudi kazini nikitabasamu. Tuligombana kwa jambo moja tu, sauti. Alikuwa anaifungulia mpaka mwisho, mimi namwambia apunguze, yeye anajibu kwamba bila kelele hakuna raha.

Kazi yake dukani ilikuwa kaunta. Zamani alikuwa akiandika vikaratasi: jina la mteja, kitu alicholeta, kinaumwa nini. Miaka hiyohiyo mitatu akasema mwandiko wake umezeeka, wateja waandike wenyewe, na yeye akaanza kufunga vitu kwa uzi. Fundo moja, bado sijakifungua. Mawili, kinasubiri kipuri. Matatu, kimepona. Alikuwa anapitisha vidole kwenye rafu huku anaongea na mteja, hata hageuki, na redio yenyewe inatua mkononi mwake. Wateja wakamwita Mama Mafundo. Nami nikawa najipiga kifua kwa mafundi wenzangu kwamba nina mke aliyebuni utaratibu wake mwenyewe. Mmoja akaja kuuiga na ukamshinda ndani ya siku mbili.

Binti yetu ndiye aliyeanza kunitia wasiwasi, au tuseme alijaribu kunitia, maana mimi niliukataa. Ni muuguzi, anaishi mji mwingine, saa tano kwa basi. Mwaka mmoja kabla ya haya alikuja kutuona, akamtazama mama yake akimimina chai, akasubiri tubaki wawili.

"Baba, mama haoni."

"Nani kakwambia?"

"Ameweka kidole ndani ya kikombe wakati anamimina. Anasikilizia chai imefika wapi."

"Anapima joto," nikasema.

Alinitazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayesema hakula kitu. Akaniambia anataka kumchukua, akae kwake karibu na hospitali. Nikacheka. Nikamuuliza, mtu asiyeona anafikaje ghorofa ya saba? Kila alipopiga simu baada ya hapo na kuanza habari za macho, nilimwekea hoja ileile, na kila mara ilimziba mdomo. Siku moja mama yake mwenyewe akachukua simu, akamwambia huku anacheka: "Mwanangu, mimi nyumba yangu siiachi. Siku nikishindwa kudaka hata masanduku, njoo unichukue, sitabisha." Wakakubaliana hivyo, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha. Kwa hiyo mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimshikilia mke wangu nyumbani kwake, na mimi nilijua hivyo vizuri kabisa nilipoichukulia bisibisi.

Nitaeleza nilivyofikiri, ingawa najua haitanisaidia. Tyubu ilikuwa inakufa. Rangi nyekundu ilishakwenda, moto ukawa wa kijani kama mchicha, na mstari mweupe ulikuwa ukipanda na kushuka kwenye picha. Tena nilikuwa nimeona mke wangu ameanza kucheza uso ukiwa upande, sikio likielekea kwenye spika, mfano wa mtu anayekwepa moshi wa jikoni. Nikasema moyoni, picha inamuumiza macho. Na kama binti ana ukweli hata robo, kama macho yameanza kuchoka kidogo, basi dawa iko mikononi mwangu: nimtilie picha kubwa, safi, inayong'aa. Maisha yangu yote nimelishwa na picha. Mtu analeta televisheni haioneshi, naifanya ioneshe, anaondoka akinishukuru. Sikujua kufikiri kwa njia nyingine.

Nilimwambia tukiwa tunafunga duka.

"Tyubu ile imekwisha. Unacheza gizani."

"Nimeizoea."

"Nitakuwekea skrini bapa. Moto utauona mpaka utasikia joto."

Akaacha kufagia. "Mzee, usiibadilishe."

"Kwa nini?"

"Nimeizoea hivyo ilivyo. Kama imekuchosha, muuzie yule bwana wa hoteli. Sitasema kitu. Lakini usiibadilishe, nakuomba."

Maneno yale yalinikata maini. Yaani bora mgeni aibebe kuliko mimi niitengeneze? Mkono huu umefungua vitu vya mji mzima, na mke wangu mwenyewe hauamini? Nikameza maneno, nikafunga milango, nikatangulia kuingia nyumbani, nyuma ya duka, bila kusema. Leo najua alikuwa ananipa njia ya kutokea. Mashine ikiuzwa, asingekuwa na cha kucheza, na hakuna ambaye angemwambia ameshindwa. Lakini mimi nilisikia dharau tu, na nikiisikia dharau kichwa changu kinakuwa kigumu kama gogo.

Wiki ileile dada yake alikuja kumchukua akakae kwake siku tatu. Siku hizo alikuwa hasafiri mpaka dada yake aje kumfuata, wanaondoka wameshikana mikono, nami nilikuwa nikisema hawa ndugu wanapendana kweli. Walipopotelea mwisho wa barabara nilifungua mgongo wa kabati.

Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ilikuwa kazi nzuri. Nilitoa vumbi la kujaza ndoo. Nikaitoa tyubu, umeme uliobaki ndani yake ukiwa umeshashuka, nikaitoa bodi, nikaitoa spika ya zamani iliyokuwa imechanika ukingoni na kutia nyingine mbili mpya. Kati ya michezo mia nne ya bodi mpya nilitafuta ule wa jengo linaloungua, nikaupata, umechorwa upya: moto mwekundu wa kweli, kasuku ana manyoya, na muziki wa ngoma unapigwa toka mwanzo hadi mwisho. Nikaupanga uwe wa kwanza kufunguka. Nikaipiga mbao msasa na vanishi. Kisha nikampigia simu mwenye hoteli. Kumbe naye alikuwa na kabati tupu la mashine ya aina hiyohiyo, limekaa stoo kwa kukosa matumbo. Alikuja na gari siku hiyohiyo akachukua tyubu, bodi na spika, akanipa mkono mara mbili. Nikajiona mjanja wa mwisho. Nilikuwa na njia tatu na nimezipita zote kwa pamoja: nimebadilisha, nimeuza, na kabati langu limebaki palepale.

Mke wangu aliporudi nilimsimamisha mbele yake nikabonyeza swichi. Muziki ukajaa duka. Akanyoosha mkono, akagusa kioo, akakipapasa taratibu kutoka pembe moja mpaka nyingine.

"Laini," akasema.

"Unaionaje?"

"Nzuri. Ahsante, fundi wangu." Kisha akasema amechoka na safari, akaenda zake ndani.

Hakucheza siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu ikawa mgongo unamuuma. Siku ya nne wateja wengi, na wateja wenyewe walikuwa wawili. Nikanuna. Mimi nikinuna nanuna kweli, hata chai nainywa nimegeukia ukuta. Sasa nikiwaza kwamba nilikuwa namgeuzia mgongo mtu asiyeuona, sijui nicheke au nifanyeje.

Jumamosi iliyofuata binti yetu akaja, likizo ya siku mbili. Alituamkia, akaketi kwenye benchi la wateja, akapokea chai kwa mama yake, na nikaona macho yake yakikifuata kile kidole. Kulikuwa na mteja mmoja anasubiri redio yake. Tulizungumza habari za njiani na za kazini. Kisha binti akaiona mashine ilivyong'aa.

"Eh, mama. Bado unadaka masanduku?"

Mke wangu alijibu upesi, kabla binti hajamaliza kuuliza. "Imeharibika."

Naomba msomaji anielewe mimi ni mtu wa namna gani. Unaweza kuniambia sijui kuvaa, sijui kuimba, sijui kuongea na wakwe. Nitakubali. Lakini kuniambia mbele ya mteja kwamba kitu nilichokifunga kwa mkono wangu wiki haijaisha kimeharibika, hapana. Kwa jambo hilo nimeshawahi kurudisha fedha za watu na kuwafukuza dukani.

"Imeharibika?" nikasema. "Mashine hii? Nani kaiharibu?"

"Mzee, iache. Ilikataa jana."

"Haijakataa. Hukuiwasha." Nikainuka, nikabonyeza swichi, na moto ukawaka kwenye kioo, mwekundu, mzuri, hata mteja akasogea kutazama. "Haya. Iko wapi iliyoharibika? Njoo umwoneshe mwanao."

Alisimama nyuma ya kaunta, mikono juu ya mbao. Angeweza kukataa. Angesema mgongo, angesema chai inachemka. Nadhani alichoka, au aliona akikataa itakuwa ndiyo jibu lenyewe. Akaamua kufa na tai shingoni. Akatoka nyuma ya kaunta kwa hatua zake sita za siku zote, akaushika mpini, akainamisha kichwa upande wa spika, akasubiri.

Muziki ulikuwa unapiga ngoma zake. Sanduku likaanguka kutoka dirisha la kwanza kushoto, mkokoteni ukiwa umesimama katikati. Hakuusogeza. Likapasuka. Akaurusha mkokoteni kulia, mara moja, mara mbili, na godoro likaanguka kushoto. La tatu lilikuwa tundu la kasuku, na lilishuka mbele yake kabisa, polepole, kitu ambacho mtoto wa miaka mitano angekidaka. Akaukimbiza mkokoteni mbali nacho.

Mchezo ukaisha. Haikupita dakika moja. Kwenye kioo yakatokea maandishi makubwa ya manjano na jengo likaporomoka, na muziki ukaendelea kupiga kwa ajili ya mchezaji mwingine. Mke wangu naye akaendelea. Kushoto, kulia, kulia tena, midomo ameikaza, jasho limemtoka juu ya mdomo, anadaka vitu ambavyo havikuwepo. Mteja alitazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono wangu bado uko kwenye swichi.

Binti yetu aliinuka, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake.

"Mama," akasema, "imeshaisha."

Hospitali walituambia ni presha ya macho, imekula mishipa kwa miaka. La kushoto halikuwa na kitu tena. La kulia lilibakiza mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Kilichokwenda hakirudi, daktari alisema, na alisema angekuja mapema pangekuwa na la kufanya. Nilikuwa nimekaa kati ya mke wangu na binti yetu. Mapema ilikuwa mwaka mmoja nyuma, binti aliponiambia habari ya kidole kwenye kikombe, nami nikamjibu anapima joto. Binti hakunikumbusha. Natamani angenikumbusha, angenifokea, nipate pa kushika.

Usiku, hapana, ilikuwa mchana uliofuata, mke wangu akipanga nguo zake, ndipo aliponieleza. Kila dirisha lilikuwa na mlio wake. La kushoto kabisa mlio mzito, na kadiri unavyokwenda kulia mlio unapanda, mpaka la tano lililolia jembamba kama filimbi. Mlio unatangulia, kitu kinafuata. Bodi mpya ilikuwa na mlio mmoja kwa madirisha yote, tena chini ya ngoma.

"Sikujua," nikasema.

"Najua hukujua."

Miaka ishirini na mitatu nimeichomea bodi ile risasi ya kuungia, nimeibadilishia waya, nimeipangusa. Sikuwahi kuisikiliza. Kwangu mimi ilikuwa inapiga kelele.

Alipanga mwenyewe. Alikwenda kabatini akatoa kanga moja moja akizijua kwa pindo, akaenda bafuni akachukua mswaki wake na kuuacha wangu, akapita mlango wa jikoni ulio mwembamba bila kugusa ubavu wowote. Nilimtazama safari hii kwa kumtazama. Katika nyumba ile hakuwa kipofu. Alikuwa mwenye nyumba anayefungasha. Kisha binti akamshika mkono, wakatoka nje, na pale kwenye ngazi mbili za mbele, ngazi alizozishuka miaka thelathini, binti akamwambia, "Ngazi, mama," naye akasimama, akaanza kuzitafuta kwa mguu.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nikaenda hotelini.

Bodi yangu ilikuwa tayari inafanya kazi ukumbini, ndani ya kabati la mwenye hoteli, katikati ya simu na taipu zake. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza na hata kupiga magoti. Lakini yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia toka mwanzo mashine ile ina mwenyewe. Nikamwambia nilidhani mwenyewe ni mimi. Akaagiza vijana wake wanisaidie kuitoa. Kwa kubadilishana nilimpa skrini, bodi mpya na spika zangu mbili, na nikamfufulia redio zake zote za zamani, kumi na moja, bila kumdai.

Kurudisha ni kugumu kuliko kung'oa. Nilikuwa nimezikata waya zikawa fupi, nimeziba matundu, nimetupa skrubu. Spika iliyochanika sikuthubutu kuiziba, nikahofia mlio utabadilika. Ilinichukua wiki tatu, duka likiwa nusu limefungwa, wateja wakiniuliza Mama Mafundo yuko wapi na vitu vyao viko wapi, nami nahesabu mafundo kwa macho, nakosea. Nilipomaliza niliwasha, nikaigeuzia mgongo mashine, nikasikiliza. Madirisha matano yalilia moja baada ya jingine, wazi kabisa, ungeweza kuyanyooshea kidole. Nililia palepale, mtu mzima, mlango uko wazi na watu wanapita.

Nikapanda basi kwenda kumchukua. Njia nzima nilipanga maneno.

Nilimkuta sebuleni kwa binti, kwenye kiti chenye mito miwili, mikono mapajani. Nyumba nzuri, safi kuliko yetu. Amenawiri hata mashavu. Kando yake palikuwa na stuli, na juu yake kikombe cha chai ambacho binti alikuwa amekimimina kabla ya kwenda kazini. Nilivuta kiti nikakaa upande uleule wa stuli, magoti yangu yakikaribia yake.

"Unanuka vanishi," akasema. "Umekuja na basi la asubuhi."

"La kwanza kabisa. Nina habari. Nimeirudisha." Nikamweleza yote, mwenye hoteli, waya, spika iliyochanika. "Madirisha yote matano yanalia. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Ukirudi utaikuta kama ulivyoiacha."

"Ulihangaika sana," akasema. "Lakini mzee, mimi sijawahi kuupenda mchezo ule."

Nilidhani ananitania kama zamani.

"Ulikuwa unacheza kila siku."

"Nilikuwa nacheza ili usinitazame. Ukinikuta pale ulikuwa unasimama nyuma yangu unatazama masanduku, unaridhika, unarudi mezani kwako. Masikio yalikuwa yananiuma kwa ile kelele. Nilikuwa naomba alasiri ipite."

"Ungeniambia tu. Mimi ni mumeo."

"Ningekuambia, ungenitoa kaunta siku hiyohiyo. Ungeniwekea kiti. Ungekuwa unanimenyea chungwa." Alisema bila hasira, anaeleza tu. "Nilikuwa natembea nyumba ile peke yangu kwa sababu wewe hukujua. Hapa kila mtu anajua. Nikiinuka, mtu ananishika. Nikitaka maji, yameshaletwa. Mwanangu ananipenda, simlaumu. Lakini sasa ni wiki ya tano, na mlango wa choo bado siujui, maana sijaachwa niutafute."

Yale maneno niliyoyapanga kwenye basi yote yaliyeyuka. Niliona jambo moja tu, kwamba bado angeweza kurudi, na kwamba lilikuwa juu yangu.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Mashine nitamrudishia yule bwana, isimame kwake mpaka ioze. Wewe rudi. Naapa sitakushika mkono. Utafunga mafundo yako, utajimiminia chai yako na kidole ndani, ukijikwaa utajikwaa. Sitakufanyia kitu mpaka uniite mwenyewe kwa mdomo wako."

"Unaweza?"

"Naweza."

Uso wake ulifunguka. Tangu aondoke sikuwa nimeuona hivyo. Akavuta pumzi, na kama mtu aliyekwisha kuamua anayetaka kwanza amalize chai yake, akapeleka mkono kwenye stuli. Vidole vilikwenda moja kwa moja, bila kupapasa, vikatua penyewe, na hapakuwa na kitu. Vikakaa pale juu ya mbao tupu.

"Kikombe changu kilikuwa hapa," akasema. "Nani amekisogeza?"

Nilikuwa nimekisogeza mimi, katikati ya kile kiapo, kukileta karibu na mkono wake.